Skii: Kipimo Kimoja Hakiokoi Goti

Soko la skii za mashindano huendeshwa na kanuni kuliko bei. Msimu wa 2012/13, Shirikisho la Kimataifa la Skii (FIS) lilipandisha nusu kipenyo cha mpindo wa ubavu, kwa skii za wanaume za slalomu kubwa, kutoka mita 27 hadi 35. Nia ilikuwa njema: skii iliyonyooka zaidi haing'ati theluji kwa ghafla, na goti hupata nafuu.

Wakimbiaji walilalamika, Ted Ligety wa Marekani akiwa mstari wa mbele. Naye akatwaa ubingwa wa dunia wa 2013 kwa skii hizo hizo. Msimu wa 2017/18 kipimo kilishushwa hadi mita 30. Viwanda vilibadili miundo mara mbili katika misimu 6.

Tatizo kubwa halikuguswa. Kifungio cha buti kilibuniwa kuokoa mfupa wa mundi usivunjike. Hakitambui goti linapopindika, na kano hukatika kabla hakijaachia.

Mwenye akiba asikimbilie kila tangazo la kipimo kipya. Amtafute mtengenezaji anayeshughulikia kifungio. Kanuni hugeuka, haja ya kulinda goti haigeuki.