Zilipendwa na nani?

Mitihani ilinikaba, ndo maana nilipotea. Sasa niko likizo nyumbani Bweni, huku kaskazini kabisa mwa Mafia, na mtandao naupata nikitembea kuelekea mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Nikirudi nyumbani unakata. Kwa hiyo mkiona nachelewa kujibu maoni, mjue nimeenda kula.

Leo nina hoja moja tu: silipendi neno "zilipendwa".

Redioni wakipiga Mbaraka Mwinshehe, eti zilipendwa. Kwenye harusi DJ akitaka kuwanyanyua wazee vitini, eti jamani sasa zilipendwa. Hebu lichambueni neno lenyewe kama tulivyofundishwa. Wakati uliopita, kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Zilipendwa na nani? Na waliacha kuzipenda lini? Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Mimi nimezaliwa zaidi ya miaka 20 baadaye na nampenda leo, asubuhi hii, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Wanaonijua chuoni wanajua mimi ni shabiki wa maisha wa jazz, roki na michezo (maisha yenyewe ndo kwanza miaka 22, lakini tuyaache hayo). Jazz nimeirithi kwa babu pamoja na redio yake ya betri. Roki niliikuta kwenye kanda za mjomba aliyewahi kufanya kazi Unguja. Mpira sikurithi kwa mtu. Huku ukijua kutembea tu tayari uko kwenye chandimu chini ya minazi. Na kila nikisema hivyo hosteli, naulizwa: sasa wewe bwana hivyo vitu vinaingilianaje?

Nianze na jazz, maana hapo ndo wajuzi hunishukia. "Hiyo ya Tanzania siyo jazz, jazz ni ya akina Louis Armstrong na Miles Davis." Sawa, Miles Davis namjua, nimekesha naye usiku mwingi wa kuamkia mitihani. Lakini wazee wetu walipoanzisha Dar es Salaam Jazz mwaka 1932 hawakuwa wanaomba leseni New Orleans. Jazz kwao lilikuwa jina la bendi ya kisasa, ala za kisasa, watu wa mjini waliovaa wakapendeza. Baadaye ikaingia rumba ya Kuba kwa njia ya santuri, yakaja magitaa ya umeme, ukaja upepo wa Kongo, na jina likabaki palepale: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga. Simba nayo iliitwa Sunderland mpaka 1971, na sijasikia mtu akisema ule haukuwa mpira kwa sababu haukufanana na wa Sunderland ya Uingereza. (Na kabla ya hapo Simba iliwahi kuitwa Queens, zaidi ya miaka 30 kabla ya bendi ya Freddie Mercury kuzaliwa. Mnaona vinavyoingiliana?)

Ukweli ni kwamba dansi na mpira kwetu vimelelewa nyumba moja. Kabla ya dansi kulikuwa na beni, ngoma ya tarumbeta na gwaride iliyoenea pwani kuanzia mwisho wa karne ya 19. Watu wakagawanyika Marini na Arinoti, kila upande na sare zake na vyeo vyake, na kushindana ndo ilikuwa raha yenyewe. Wajukuu wao wakagawanyika Simba na Yanga mchana, usiku wakagawanyika Msondo na Sikinde. Msondo ndo ile NUTA Jazz ya mwaka 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, iliyokuja kuitwa Juwata, halafu OTTU, halafu Msondo Ngoma. Sikinde ni Mlimani Park, iliyoanza 1978 ikiwa na Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka waliotoka Juwata. Halafu mwaka 1985 mwenye Orchestra Safari Sound akawachomoa Gurumo, Abel Balthazar na wenzao kutoka Mlimani Park. Mnaosema usajili wa kuvunja roho ulianza na Simba na Yanga, someni historia.

Sasa niambieni, kwa nini nyumba moja imejaa na nyingine imebaki na wazee wachache ukumbini?

Simba tulifungwa nyumbani na Stella Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Mwaka 2025 tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho, tukapigwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, tukatoka 1-1 Amaan, kombe likaenda. Yanga nao mwaka 2023 walilikosa kombe hilohilo mbele ya USM Alger kwa kanuni ya goli la ugenini (nawapa pole, kidogo). Kuna mtu aliamka kesho yake akasema Simba ni zilipendwa? Timu ikifungwa mshabiki anakasirika, anamtukana kocha, halafu Jumamosi yuko kibanda umiza na kiingilio mkononi. Anaamini ile ni mali yake.

Bendi hazikupata bahati hiyo. Nyingi hazikuwa na wanachama, zilikuwa na mwajiri. JWTZ walikuwa na Mwenge Jazz, Polisi walikuwa na Polisi Jazz, Umoja wa Vijana walikuwa na Vijana Jazz. Magitaa na spika vilikuwa vya mwajiri, mwanamuziki akiondoka anaondoka na koo lake tu. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania na utepe ukabaki Redio Tanzania. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, na kanda watu wakaziiba kwa kurekodi juu ya kanda nyingine bila mtunzi kuona senti. Sheria ya hakimiliki tunayoijua ilipitishwa 1999, wakati redio binafsi zilikuwa zimeshaanza tangu 1994 na vijana wameshahamia kwingine. Kwa hiyo ukumbi ulipopungua watu, mwenye vyombo alihesabu mapato tu. Na sisi mashabiki tukawapa wote kisingizio kizuri kwa neno moja, zilipendwa.

Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba. Hakuwa na gari. Diamond Platnumz akampa gari, na nchi nzima ikapiga makofi. Mimi nilikuwa mtoto, nilipiga makofi na wenzangu. Diamond alifanya jambo la kiungwana kabisa, sina neno. Lakini nikifikiria sasa naona aibu ile haikuwa ya Gurumo. Nusu karne watu wameoana kwa sauti yake, wameachana kwa sauti yake, halafu mkongojo wake unatolewa na kijana mmoja wa bongo fleva kwa fedha zake mfukoni! Wale maelfu wa Msondo na Sikinde waliokuwa tayari kupigana kwa ajili ya bendi walikuwa wapi? Mzee alifariki Aprili 2014, hata mwaka haukuisha.

Michezo nayo tunaifanyia hivyohivyo ikitoka nje ya mpira. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch mwaka 1974, 3:32.2, akiongoza tangu mwanzo bila kujificha nyuma ya mtu. Rekodi yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa miaka 48, imevunjwa Birmingham 2022. Niliuliza chumbani kwetu hosteli, tukiwa sita, wawili walidhani Bayi ni jina la shule tu. Hao hao wanakutajia benchi zima la Arsenal. Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia Tokyo Septemba 2025, tena kwa sekunde 0.03, ndo kila mtu akawa mtaalamu wa riadha kwa siku tatu.

Hili kwangu siyo la kupigia soga tu, linagusa kazi ninayoisomea. Nikiwa mazoezi ya kufundisha, shule siitaji, nilipewa kidato cha tatu somo la Kiswahili, mada ya ushairi. Wanafunzi walikuwa wamelala macho wazi. Nikawapigia Marijani Rajabu kwenye simu, "Zuwena", nikawaambia tafuteni msimulizi ni nani, anamwambia nani, na nini hakisemi. Darasa liliamka, wamebishana mpaka kengele. Mwalimu aliyekuwa ananisimamia akaniandikia nisilete mambo ya baa darasani. Jamani! Shairi likiandikwa kitabuni ni fasihi, likipigiwa gitaa ni baa? Na yeye mwenyewe, nina hakika, Jumapili jioni huwa anauliza redio yake zilipendwa zinaanza saa ngapi.

Roki nitaigusa kwa sababu wenzetu huko wana kitu cha kutufundisha. Freddie Mercury alizaliwa Unguja Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, familia ikaondoka 1964. Queen yake mpaka leo hakuna anayeiweka kabatini. Rolling Stones walianza 1962, miaka miwili tu kabla ya NUTA Jazz, na mwaka 2024 walikuwa bado wanajaza viwanja Marekani, babu na mjukuu jezi sawa. Pale muziki wa zamani una wenyewe wanaolipa. Hapa kwetu mtu anaomba nyimbo za Tabora Jazz atumiwe bure kwa WhatsApp, halafu analalamika sauti ina mikwaruzo.

Kwa hiyo mimi msiniite mpenzi wa zilipendwa. Niiteni shabiki wa dansi, kama mnavyoniita Mnyama. Na kama ni kulipa kiingilio, nikirudi Dar mwenye kujua Msondo au Sikinde wanapiga wapi aniambie, twende hata watano, tuchangie nauli.

Jingine, kama uvunguni kwenu kuna kanda au santuri za mzee, msitupe wala msimpe muuza chupa. Nikivuka Nyamisati mwezi ujao nitazifuata mwenyewe. Sasa naomba niende, vijana wa hapa wanacheza na jirani zetu wa Kanga na nimeambiwa mimi ni beki namba mbili.