Uliyefutiwa Deni, Usimkabe Mwenzako

Wandugu Wakristo wa Sakania, na ninyi wa Kasumbalesa, Kipushi na Lubumbashi: kila Dominika tunasimama kanisani tukimwomba Bwana atuhurumie. Tunaomba kwa wimbo, ngoma zikilia, na tukitoka nje tunajiona wepesi. Lakini huruma tuliyoipokea Dominika, Jumatatu inakwenda wapi?

Mtume Petro aliwahi kuuliza msamaha unaishia wapi. Akataja mara 7, akidhani ametaja nyingi. Yesu akamsimulia habari ya mtumishi aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Hebu tupige hesabu. Dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta 1 ilikadiriwa kuwa dinari 6,000 hivi. Deni lile basi ni ujira wa siku milioni 60: hata ukoo mzima, baba, mwana na mjukuu, usingelimaliza. Mfalme akalifuta lote. Mtumishi akatoka, akakutana na mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100, kazi ya miezi mitatu au minne. Akamkaba koo, akamtia gerezani.

Tuangalie vizuri: zile dinari 100 hazikuwa za uongo. Zilikuwa haki yake. Mfalme alimkasirikia kwa sababu alidai kama mtu ambaye hajapata kusamehewa kitu. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. Hatumwibii mtu, hatumsingizii mtu. Tunadai haki yetu tu, lakini tunaidai kwa kukaba koo.

Mifano haiko mbali. Mama amejifungua salama, lakini fedha za hospitali hana. Anazuiliwa na kitoto chake mpaka deni liishe. Jambo hili limeonekana Lubumbashi na miji mingine ya Kongo. Anayelinda mlango ni Mkristo, na mkubwa wake ni Mkristo. Baba wa mtoto anazunguka mitaani akitafuta mkopo wa «benki lambert», na mkopeshaji, naye Mkristo, anataka riba ya kunyonya damu. Mwenye nyumba anamtoa nje mjane kabla matanga hayajaisha, halafu anakataa kurudisha garanti. Mpakani, dereva aliyelala siku kadhaa kwenye msururu wa malori anaambiwa karatasi yake haijakamilika, mpaka atoe kitu kidogo. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wahenga walisema kweli. Huruma hupimwa pale mwenzako anapokuwa mikononi mwako, huna wa kukuzuia.

Katanga yetu imekwisha kupimwa hivyo, tukaonekana tumepungua. Reli ya kwanza iliingia Katanga kwa kupita hapa Sakania mwaka 1909, ikafika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, 1910. Machimbo ya Union Minière yalitaka mikono, na watu wakaletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Kasai na kwingineko. Walichimba, walioa, walizaa, walizika wazee wao hapa. Kisha ikaja 1992 na 1993. Siasa za Kinshasa zilipochacha, Wakasai wa Likasi na Kolwezi waliitwa wadudu, wakafukuzwa katika nyumba zao. Maelfu kwa maelfu walikaa kwenye stesheni miezi na miezi wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengine hawakuwa wameiona hata siku moja. Wazee na watoto walikufa stesheni, wengine walikufa njiani. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale. Leo treni na malori vinapoleta tena vijana wanaotafuta kazi, na maneno yale ya zamani yanaanza kunong'onwa sokoni, Mkristo hana ruhusa ya kunyamaza.

Najua mtaniambia: huruma ikizidi, wezi watanenepa na wavivu watalala. Neno hilo lina uzito, na halijibiwi kwa kelele. Huruma haisemi kwamba ubaya ni wema. Zakayo alipopokewa na Yesu, alirudisha mara nne kile alichonyang'anya; huruma ndiyo iliyomfungua mkono. Papa Yohane Paulo II alimtembelea gerezani mwaka 1983 mtu aliyempiga risasi, akamsamehe, na mlango wa gereza ukabaki umefungwa. Haki ifanye kazi yake, lakini moyo usigeuke jiwe.

Na sisi Wakongomani tuna mwalimu wetu. Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na kabla ya kukata roho alimsamehe kanali aliyemshambulia. Tarehe 15 Agosti 1985, siku alipotangazwa mwenye heri mjini Kinshasa, Papa alimsamehe mwuaji huyo kwa jina la Kanisa lote. Binti aliyezaliwa katika nchi hii, bila jeshi wala mali, aliweza. Sisi tunashindwa na deni la mfuko wa makala?

Basi, wandugu, tuanze na yaliyo karibu. Kila jumuiya ndogo ya Kikristo iweke sanduku kwa ajili ya mama aliyezuiliwa hospitalini. Tunaoweza kutoa kwenye likelemba kila mwezi, hatukosi franka za kumtoa. Mkopeshaji apokee mtaji wake, amwachie maskini riba. Mwenye nyumba ampe mjane miezi ya kupumua. Afisa wa mpakani apitishe bila hongo aliyetimiza sheria. Mwenyeji amwite mgeni kwa jina lake, na anayesikia mgeni huyo akitukanwa aseme hapana papo hapo. Aliye na ndugu gerezani, au hata asiye naye, abebe chakula aende.

Hukumu ya yule mtumishi haikutokana na talanta 10,000. Hizo zilikwisha kufutwa. Alihukumiwa kwa dinari 100. Nenda kwako leo, mtafute mwenye dinari zako, na umwachie koo.