Serikali Ikifunga Mkoba, Nani Hulipa?



Ndugu wazazi, leo tunapenda tuzungumze juu ya neno ambalo wengi wetu tukilisikia redioni huona ni la wakubwa wa wizarani, nalo ni serikali kupunguza matumizi. Sisi walimu wa madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, hatuwezi kulipuuza, kwani tumeona kwa macho yetu linapoishia.

Waliokuwepo watakumbuka. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliikausha hazina ya Burundi. Kufikia mwaka 2002 ukaenezwa utaratibu wa mgonjwa kubeba mwenyewe gharama za matibabu. Ukiutazama juu juu utauona ni wa haki, maana kila mtu analipia alichotumia. Lakini bei moja kwa watu wawili wasiolingana si usawa. Mwenye duka hulipa operesheni akarudi dukani kwake. Mkulima huuza mbuzi, kisha huuza shamba, na mwaka unaofuata hana pa kulima. Serikali ilipoondoa mkono wake, deni halikufutika, bali lilihamia kwa asiyeliweza. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Walioshindwa kulipa walizuiliwa hospitalini. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya wagonjwa maskini wa Burundi waliozuiliwa hivyo, wakiwemo kina mama waliojifungua kwa operesheni pamoja na vichanga vyao.

Sisi wenyewe, tukiwa vijana wakati huo, tulipitisha bakuli baada ya swala ya Ijumaa ili tumgomboe mama mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa amepona zamani. Mtoto wake alianza kutabasamu akiwa bado wodini. Alhamdulillah tulimtoa. Lakini kitanda cha pili alibaki mwanamke mwingine aliyetoka mbali, hana msikiti wala kanisa la kumchangia. Alitupa mkono wa kwaheri, nasi hatukuwa na faranga iliyobaki.

Ndugu zetu, tangu siku ile tumeshika jambo moja. Sadaka ni wajibu wetu na hatutaiacha, lakini sadaka humfikia anayejulikana. Asiyejulikana hufikiwa na sera tu.

Mwezi Mei 2006 serikali ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua. Kina mama wakajaa hospitalini, jambo linaloonyesha ni wangapi waliokuwa wakizuiwa na bei tu. Hata hivyo amri ilitangulia fedha, kwa hiyo dawa zikaisha na wauguzi wakaelemewa. Mwaka 2010 ndipo huduma hiyo ya bure ilipounganishwa nchi nzima na mpango wa kuvilipa vituo kwa kazi vinayofanya. Tangazo lisilo na bajeti ni ahadi tupu.

Wapo watakaosema serikali haina pesa. Ni kweli, nchi yetu ni maskini, na misaada ya nje inapungua. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa Julai 2025, na pengo lake linaonekana hapa kwetu na kwa majirani. Lakini baba mwenye busara mwaka wa njaa hupunguza kwanza sahani yake mwenyewe, hapunguzi uji wa mtoto. Wakubwa nao waanze na magari, safari na posho zao, ndipo waitazame wodi ya wazazi.

Basi tunawaomba, wanapokuja kuomba kura msiwaulize tu watajenga nini. Waulizeni watakata wapi, na nani atalipa kilichokatwa. Na mtakapouliza, mkumbukeni yule wa kitanda cha pili.

Wabillahi tawfiq.