Anapokimbia akiwa amebeba matarajio ya ukoo mzima

Ni Jumamosi jioni, Bashay. Vitunguu swaumu vimeanikwa uani, mama anavifunga mafungu, baba ameketi kwenye kigoda akisubiri. Kijana wa kidato cha pili anaingia, viatu mkononi, vumbi hadi magotini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuwa wa ngapi?"

"Wa sita."

"Wa sita? Wewe?"

Maneno yanaishia hapo. Hakuna fimbo, hakuna tusi. Lakini kijana anapita moja kwa moja hadi chumbani, na ugali wake unapoa. Mwaka jana katika mbio hizo hizo za shule alikuwa wa kwanza. Baba aliwaambia majirani, mjomba akaahidi viatu vipya, na mwalimu akasema huyu atafika mbali. Mwaka huu hakuna aliyejua la kusema.

Mazungumzo kama haya yanaweza kusikika katika nyumba yoyote ya Mbulu au Hanang, na baba wa namna hii si lazima awe mkatili. Amekulia mahali ambapo mbio zimewahi kumtoa mtoto wa mkulima na kumpeleka duniani. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, wakati Karatu ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu, na Februari 2, 1974 alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Gidamis Shahanga wa Katesh alichukua dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, kisha dhahabu ya mita 10,000 mwaka 1982. Mzazi aliyekua akisikia majina hayo akimwona mwanawe anawaacha wenzake, moyo lazima umdunde.

Kwa hiyo kutarajia si kosa. Swali ni nani anaubeba mzigo wa matarajio hayo. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali unaonekana mwepesi.

Anayeonekana na wasioonekana

Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba kwa mikono, kuna mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kupokea mpira na kukimbia nao katikati ya wapinzani. Huyo ndiye anayepigiwa kelele. Lakini mbele yake wapo wenzake watano wenye miili mikubwa, ambao kazi yao ni kuwasukuma wapinzani ili apate upenyo. Wasipofanya kazi yao, mwenye mbio kuliko wote anaangushwa kabla hajapiga hatua tatu. Na akiangushwa mara nyingi, watu husema ameshuka kiwango. Wachache hukumbuka kuuliza kama njia ilifunguliwa.

Mtoto anayekimbia anaonekana yuko peke yake, lakini naye ana watu wa kumfungulia njia. Yupo anayepika, anayepanga zamu za kuchota maji na kuchunga, mwalimu anayejua lini asimamishe mazoezi, na mzazi anayeona mtoto anachechemea hata kama mwenyewe anakana. Kijana wa Bashay akiwa wa sita, swali la kwanza linapaswa kuwa: sisi tulimfungulia njia kiasi gani mwaka huu?

Kwa nini wa kwanza wa jana anakuwa wa sita leo

Sababu ya kwanza ni mwili. Watoto wa darasa moja hawakui kwa kasi moja. Mvulana aliyebalehe mapema akiwa na miaka 13 anakimbia na watoto ilhali yeye ameshaanza kuwa mtu mzima, na anawashinda kwa urahisi. Miaka miwili baadaye wenzake wamemfikia kwa urefu na nguvu. Yeye hajarudi nyuma, ila wenzake wamesogea mbele. Kwa msichana mambo hugeuka kwa namna nyingine. Mwili wake unabadilika, nyonga zinapanuka, hedhi inaanza, na kwa muda anaweza kukimbia polepole kuliko alivyokimbia akiwa darasa la sita. Akiambiwa amekuwa mvivu, wengi huacha kabisa. Akivumiliwa, mwili huzoea na kasi hurudi.

Sababu ya pili ni chakula na usingizi. Kijana wa umri wa sekondari anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku. Akiamka saa 10 alfajiri kukimbia, akatembea hadi shule, akarudi kwenye jembe na mifugo, kisha akasoma hadi saa 5 usiku, hakuna mazoezi yatakayomjenga. Mwili hujengeka wakati wa kupumzika. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo anaweza hata kukosa hedhi kwa miezi kadhaa. Hiyo ni ishara kwamba mwili hauna akiba ya kutosha na mifupa inaweza kudhoofika, hivyo apelekwe kituo cha afya. Asipongezwe kwa kuwa mwepesi.

Sababu ya tatu ni hofu, na ndiyo ngumu kuiona. Mtoto anayejua kwamba nyumba nzima inasubiri ushindi huanza mbio kwa kasi isiyo yake, akitaka kila mtu amwone mbele mapema. Mzunguko wa mwisho unamkuta hana kitu. Akiumia goti anaficha, kwa sababu akisema ataonekana anatafuta kisingizio. Anaendelea kukimbia na maumivu, na jeraha la wiki mbili linakuwa la miezi sita.

Hata mabingwa hawakubeba peke yao

Mzazi anayetaja jina la Bayi kila jioni afahamu pia upande wa pili wa habari hiyo. Mwaka 1975 Bayi aliongeza rekodi ya dunia ya maili moja. Dunia ikasubiri Olimpiki ya Montreal ya 1976, ambako angekutana tena na John Walker wa New Zealand, mtu aliyemshinda kule Christchurch. Hawakukutana. Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia michezo hiyo kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Tena Bayi mwenyewe alikuwa ameuguzwa na malaria muda mfupi kabla. Malaria na siasa za dunia haviondolewi kwa kujituma.

Medali ya Olimpiki aliipata Moscow mwaka 1980, nayo ilikuwa ya fedha, katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa mbali kisha akapitwa kwenye mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland. Aliyevunja rekodi mbili za dunia hakuwahi kupata dhahabu ya Olimpiki. Hakuna Mtanzania mwenye akili timamu anayesema Bayi alishindwa. Kwa nini basi mtoto wa miaka 15 ahukumiwe kwa Jumamosi moja?

Mfano wa karibu zaidi ni Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, mkoa unaopakana na Hanang. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 akapata shaba katika mashindano ya dunia, London. Kuanzia hapo kila mbio alizokwenda, nchi ilisubiri dhahabu. Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 akawa wa saba. Mwaka 2022 akapata fedha ya Jumuiya ya Madola, Birmingham. Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akamaliza wa 17. Kwa wengi huo ulionekana kuwa mwisho wake.

Septemba 15, 2025, huko Tokyo, Simbu alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walipewa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyoonyesha nani alitangulia. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Alikuwa na miaka 33. Kati ya shaba na dhahabu ilipita miaka minane, na ndani yake mlikuwa na nafasi ya saba na nafasi ya 17. Kama watu wa karibu naye wangemkatia tamaa baada ya Paris, hadithi ingeishia pale.

Mzazi afanye nini

Badilisha swali la kwanza. Mtoto akirudi kutoka mashindanoni, mwache anawe, ale, ndipo umuulize: "Mbio zilikuwaje?" Mtoto aliyeulizwa hivyo atakueleza mwenyewe alikuwa wa ngapi, na pengine atakueleza pia kwamba goti linamuuma.

Gawa kazi upya. Wiki ya mashindano, ndugu zake wachukue zamu yake ya maji na mifugo, na yeye awalipe wiki inayofuata. Kazi za nyumbani ni malezi, hazifutwi. Zinapangwa tu.

Angalia sahani. Si lazima chakula cha gharama. Makande, maharage, maziwa, mboga za majani, dagaa na matunda ya msimu vinatosha, mradi ale kwa wingi na asiende mazoezini tumbo tupu.

Mpe siku ya kupumzika. Walau siku moja kwa wiki asikimbie kabisa, na kila mwaka awe na miezi michache ya kucheza michezo mingine. Maumivu yanayoendelea hata akiwa amekaa, au yanayomfanya achechemee, yanahitaji mhudumu wa afya kabla ya kocha.

Usikubali haraka ya watu wengine. Anaweza kuja mtu na kusema mtoto aache shule aingie kambini, au kwamba umri upunguzwe kwenye karatasi ili ashindane na wadogo. Kanuni za riadha za dunia zenyewe haziruhusu vijana wa chini ya miaka 20 kushiriki marathoni ya mashindano makubwa, kwa hiyo hakuna treni inayomwacha mtoto wa miaka 15. Cheti cha kidato cha nne kitamfaa akishinda na kitamfaa asiposhinda.

Na usiuze ng'ombe kwa jina lake. Familia ikiamua kumchangia, imchangie bila kumkumbusha. Mtoto anayeambiwa "tuliuza dume kwa ajili yako" anakimbia akiwa na dume hilo mgongoni.

Wa mwisho anayekumbukwa

Mbulu ina mwanariadha mwingine ambaye watoto wanapaswa kusimuliwa. Oktoba 20, 1968, John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Mexico. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa nzima kabla Akhwari hajaingia uwanjani, akichechemea na bandeji mguuni, jua likiwa limezama na watazamaji wachache wakiwa wamebaki. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alikuwa wa tano.

Baba wa Bashay anaweza kumsimulia kijana wake habari hiyo usiku huu huu. Lakini kwanza apashe ugali moto, agonge mlango wa chumba, na kumwambia: "Mwanangu, njoo ule. Kesho mdogo wako atachota maji."