Kengele Haijipigi

Alfajiri ya Jumapili, mtu aliye katika njia ya kutoka Malindi kwenda Ganda, kabla jua halijapanda juu ya minazi, huweza kusikia mlio wa kengele, au wa kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa mtini, ukiwaita watu kanisani. Watoto huoshwa nyuso, wanawake hufunga leso, na kila mmoja hukadiria mwendo wake: mlio wa kwanza ni wa kujitayarisha, wa pili ni wa kuingia. Hakuna amwulizaye aliyeshika kamba kwamba ameamka saa ngapi. Lakini siku atakapochelewa nusu saa, kijiji kizima kitalitaja jina lake.

Hii ndiyo desturi ya watu wengi kwa mpiga kengele, wala si desturi njema. Kazi yake huonekana kuwa nyepesi, kwa hiyo hupewa mtu mmoja, mara nyingi mzee, naye huachiwa miaka na miaka. Akiugua ndipo hutambulikana kwamba hapana mwingine aijuaye.

Watu wa pwani hawangepaswa kulichukua jambo hili kwa wepesi, maana wanapo mahali palipopewa jina kwa ajili ya kengele. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa kaskazini, ndipo Kengeleni. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Frere Town, wakaiita kwa jina la Sir Bartle Frere, ili wakae humo watu waliookolewa katika majahazi. Lakini sahihi ya karatasini haikuyafuta majahazi yote. Ndipo ikatundikwa kengele katika mnara mdogo, ambao ungali umesimama kando ya njia kuu ya kwenda Malindi. Husimuliwa kwamba kazi yake ilikuwa kuonya: chombo cha washika watumwa kikionekana, kengele ilie, watu wakusanyike.

Upande wa Malindi hofu ilikuwa ni hiyo hiyo. Mashamba makubwa ya nafaka yalilimwa na watumwa, na waliotoroka walikimbilia bara, wengine mpaka Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, wengine mpaka misioni ya Rabai. Mabwana wao waliwadai kwa ukali, hata mwanzoni mwa mwaka 1889 ikalipwa fidia, kwa usimamizi wa Bwana Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa, ili watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika misioni wapate hati za uhuru. Kwa watu kama hao, kengele haikuwa pambo. Na kengele ya namna hiyo haiwezi kumtegemea mtu mmoja, kwa kuwa mtu hulala, huugua, huenda shamba. Pasipokuwa na wa pili na wa tatu wa kuishika kamba, mnara ni mawe tu.

Huko Uingereza wapiga kengele walilitambua jambo hili zamani. Katika makanisa mengi ya huko, kila kengele imefungwa kwenye gurudumu, nayo huzunguka duara zima, mdomo ukiwa juu, ukashuka, ukapanda tena. Kila moja ina kamba yake na mtu wake. Hawapigi wimbo, bali hubadilisha zamu za kengele kwa kufuata hesabu waliyoikariri. Kengele 6 zaweza kupangwa kwa namna 720. Kengele 7 kwa namna 5,040, na kuzimaliza zote huchukua karibu saa 3 bila kupumzika. Mmoja akikosa, waliobaki hawana kazi. Hii ndiyo asili ya umoja wao, wala si upole wa tabia.

Kwa hiyo kila mnara una kiongozi wake na jioni moja ya mazoezi katika juma. Mwanafunzi hufundishwa na wenzake, na mgeni atokaye mnara mwingine hukaribishwa ashike kamba. Minara imeungana katika vyama, na vyama vina baraza kuu tangu mwaka 1891. Hata gazeti lao la kila juma limekuwapo tangu mwaka 1911. Katika vita ya pili ya dunia serikali ilizinyamazisha kengele zote kuanzia mwaka 1940, zisilie ila adui akishuka nchini, na katazo hilo liliondolewa mwaka 1943. Katika vita ya kwanza, wapigaji wapatao 1,400 walikuwa wamekufa. Ulipokaribia mwaka 2018, miaka 100 tangu vita hiyo kwisha, wenzao walitafuta wanafunzi wapya 1,400 ili kila kamba iliyoachwa ishikwe tena.

Ganda haihitaji hesabu ya 5,040. Yahitaji watu watatu kwa kamba moja, na kikundi cha kuwaangalia watatu hao. Kila nyumba ikitoa fedha kidogo wakati wa kuuza mahindi au korosho, kamba mpya ya katani itapatikana kabla ile ya zamani haijakatika. Tena itazamwe hasa pale inaposuguana na mti au chuma, na misumari itazamwe pia, kwa maana hewa ya bahari hula chuma upesi. Palipo na kengele ya kweli, kuna kosa moja lililo baya kuliko yote, nalo hufanywa na mtu mvivu au asiyefundishwa: kufunga kamba kwenye ulimi wa kengele na kuuvuta upige ukingo. Ulimi hubanwa juu ya ukingo badala ya kuugusa na kuuacha, na kengele huweza kupata ufa. Kengele ni shaba iliyochanganywa na bati, karibu sehemu nne kwa moja. Fundi wa sufuria hawezi kuiziba.

Kijana anayejifunza na aanze na mlio wa kujitayarisha, ambao kosa lake ni dogo. Mlio wa msiba, ule wa polepole, aachiwe mzee mpaka kijana aujue barabara na kujua ni nani awezaye kuamuru upigwe. Yuko mama shambani, na mwanawe amelazwa hospitali Malindi. Akiusikia mlio huo hatangoja kuuliza kama umepigwa kwa makosa. Atalitupa jembe na kukimbia.