Mtoto Asingoje Vita Ndipo Avuke Mpaka

Jumapili moja kabla ya vakansi kubwa, mhubiri mmoja wa hapa Butembo alipandisha sauti mpaka spika zikakoroma. Safari za nje, alisema, zina watu wake: mfanyabiashara, mgonjwa na mkimbizi. Kijana wa miaka kumi na tano ana kazi gani Kampala? Abaki nyumbani, achote maji, asome Biblia. Kanisa zima likaitikia Amina. Mama aliyeketi mbele yangu akamgeukia binti yake na kumkazia macho, utadhani msichana ameshashika tikiti mkononi.

Mimi Amina hiyo ilinikwama kooni. Hebu isomeni tena orodha ya mhubiri, polepole. Anayefuata mali, anayefuata dawa, anayekimbia risasi. Maana yake mtoto wetu ana ruhusa ya kuona nchi ya jirani siku akiugua, au siku kijiji chake kikishambuliwa. Akiwa mzima, ameshiba, baba na mama wako pembeni yake, hapo ndipo safari inageuka anasa na dhambi!

Mimi ni mtu wa Alimbongo. Desemba 2024, waasi wa M23 walipoingia kule, watoto wa ukoo wetu walishika barabara ya Lubero, wengine kwa miguu, wengine juu ya magari ya viazi, godoro kichwani, na baridi yetu ile ya milimani isiyomhurumia mtu. Kati ya Lubero na Butembo walivuka Ikweta, mstari waliouchora katika daftari za jiografia tangu shule ya msingi. Hakuna aliyewaonyesha. Nani angewaonyesha, na mama zao walikuwa wanahesabu watoto gizani?

Hiyo ndiyo safari wanayoijua vijana wetu. Kwao, kuondoka ni kupoteza: ukitoka, nyumba imeibwa, mbuzi wameliwa, shamba limepata mwenyewe mwingine. Kijana wa namna hiyo anatakiwa afundishwe kwa miguu yake mwenyewe kwamba mtu anaweza kufunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akaenda, akarudi, na mlango ukafunguka. Mahubiri hayafundishi hilo. Semina za mashirika hazifundishi, hata wakigawa soda na fulana. Linafundishwa na safari yenye kwenda na kurudi.

Na msiniambie nimpeleke Goma au Beni. Kusini kuna mstari wa vita. Kaskazini, wilaya ya Beni inazika watu wake tangu Oktoba 2014. Kwa mzazi wa Butembo, amani iliyo karibu iko Uganda, ng'ambo ya mto Lubiriha, na mto wenyewe ni mwembamba kuliko maneno ya wanaotukataza kuuvuka.

Lakini ataharibika, wanasema. Atarudi na tabia za Kampala. Tabia za Kampala! Hizo zilishafika zamani. Zinaingia kila usiku chini ya blanketi kwa njia ya simu, na megabaiti umenunua wewe mzazi. Kilichobaki Kampala, ambacho simu haikuweza kukuletea, ni msongamano wa bodaboda na rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai. Kama Ukristo wa mtoto wako utabomolewa na chapati, muulize aliyeujenga.

Wengine wanasema vijana hawapendi kusafiri na wazazi, watanuna njia nzima. Watanuna, ndiyo. Nyumbani je, wanachekacheka?

Mpwa wangu, mmoja wa wale waliokimbia Alimbongo, alinuna kweli. Tulivuka Kasindi kwenda Kasese, na kutoka Bwera hadi Kikorongo hakutoa neno. Kofia machoni, nyaya za simu masikioni. Karibu na Kikorongo liko duara la saruji la Ikweta, watalii wanasimama pale mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini, wanapigwa picha. Akatazama, akachomoa waya mmoja.

"Mjomba, ni mstari ule ule unaopita kwetu?"

"Ule ule."

"Basi mimi nilishauvuka."

Ndiyo, usiku, juu ya viazi. Nilimwacha auruke kwenda na kurudi mpaka akachoka. Sokoni Kasese muuza mananasi akamsemesha Kikonzo, na yule bubu wa njiani akajadili naye bei kwa Kinande cha bibi yake, wakaelewana bila shida. Akapunguziwa. Mpaka leo anajisifia nanasi hilo.

Pesa hazipo? Pasipoti yetu ilifika dola 185 mwaka 2015, na ilingoja hadi 2020 kushuka kuwa 99. Miaka yote hiyo sikusikia mimbari hata moja ikikemea bei hiyo; leo zinakemea mtoto. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walikutana mpakani kuzindua ujenzi wa barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80. Jumuiya na barabara tumezikubali kwa saruji, kwa mabati na kwa sabuni. Kwa watoto wetu tunaona ni hatari. Na yule anayelia hana pesa, mtazame kwenye kamati ya arusi: sare ya kitenge ya wageni wa heshima, sare nyingine ya wakwe, na keki ya ghorofa tano ambayo nusu yake ni kadibodi.

Wafanyabiashara wetu ndio wanaonishangaza kuliko wote. Dubai wanaijua, Guangzhou wanaijua, bei ya kontena wanaisoma usingizini. Mtoto wa mtu huyo anaijua safari ya baba yake kwa viatu anavyoletewa, tena namba ndogo.

Papa wa Butembo, safari yako ijayo ya Kampala, balo moja la nguo liache dukani kwa Mganda, halitaoza. Kiti chake mpe mtoto wako.