Bima ya basi inavuka mpaka, bima ya abiria inabaki nyumbani

Basi la Arusha kwenda Nairobi likisimama Namanga, kati ya karatasi za gari huwa ipo Kadi ya Njano ya COMESA. Hiyo ni bima ya gari inayotambuliwa nje ya nchi lilikosajiliwa. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini katika mpango huu imebaki. (Usiichanganye na ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo nayo wengi huiita kadi ya njano.)

Kadi hiyo inagusa pia matibabu ya dereva na abiria walioumia ajalini. Kwa hiyo basi likipinduka, abiria ana pa kuanzia: namba ya gari na taarifa ya polisi. Lakini je, akishikwa na malaria kali siku ya tatu akiwa gesti? Hapo kadi yake ya NHIF ya Tanzania haimsaidii kitu.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, ikafungua njia kwa wafanyakazi, bidhaa na mitaji. Bima za afya zilibaki kila moja kwao. Kenya ina SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF yao Oktoba 2024. Rwanda ina Mutuelle. Tanzania ilitunga sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Uganda haina bima ya taifa. Mama anayevuka Sirari kila wiki na magunia ya mahindi anatambuliwa na forodha pande zote mbili, ila kwenye dirisha la hospitali ya upande wa pili ni mgeni wa kulipa taslimu. Kwa maoni yetu, hili lilipaswa kushughulikiwa kabla ya mambo mengi yanayojadiliwa Arusha.

Kwenye dharura hali ni tofauti kidogo, hasa Kenya. Ibara ya 43 ya Katiba yao ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Imesema mtu, haikusema raia. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: hospitali yenye uwezo wa kukuhudumia ikikataa inaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 3 za Kenya. Ndugu yako akiwa anavuja damu na mtu wa mapokezi anadai amana kwanza, itaje sheria hiyo. Haina maana kwamba matibabu ni bure, bili itakuja. Ila kwanza maisha yaokolewe.

Uganda iliondoa ada katika vituo vya serikali mwaka 2001. Shida huwa dawa: unaandikiwa, kisha unaambiwa ukanunue duka la nje. Beba pesa hata huko.

Namba za simu: Kenya ni 999 au 112, na gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu ni 1199. Rwanda ni 912. Vijijini kando ya mpaka, tuseme ukweli, bodaboda mara nyingi hufika kwanza.

Anayetumia dawa za presha, sukari, TB au ARV abebe za ziada, angalau za wiki mbili, pamoja na kadi ya kliniki. Nakili jina la dawa lenyewe, si jina la kampuni tu, maana paketi hubadilika ukivuka. Andika kwenye karatasi. Simu huzimika chaji. Uliza wakala mapema kama laini yako itapokea pesa ukiwa upande wa pili.

Kampuni binafsi zinauza bima ya safari. Kabla ya kulipa, uliza jambo moja: je, ugonjwa niliokuwa nao tangu zamani unalipiwa? Mara nyingi haulipiwi.

Na ukilazwa, ubalozi wako upewe taarifa. Usitegemee ulipe bili, ila unaweza kuitafuta familia yako na kusaidia hati za kurudi nyumbani kama pasipoti imepotea.